Fuata si Fata

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya Kiswahili, mwalimu alitufundisha methali isemayo "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Alitueleza kwamba katika karne ya 19 Wanyamwezi walisifika kwa upagazi katika misafara ya kati ya bara na pwani, na kwamba mpagazi mmoja alibeba takriban kilo 30 kichwani au begani, siku baada ya siku. Tuliandika maelezo, tukafanya mtihani, nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba methali hiyo ingenifuata mpaka nyumbani.

Kwetu ni Nyamyumba, sekta ya wilaya ya Rubavu, kusini mwa mji wa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Wageni huja kuona chemchemi za maji moto au hupita wakielekea kiwanda cha bia cha Bralirwa. Mdogo wake baba, ambaye kwa Kinyarwanda namwita data wacu, amefanya kazi ya kubeba mizigo tangu ujana wake: mchanga, viazi, ndizi, kreti za chupa, chochote kinachoshuka kwenye lori au mtumbwi. Ana miaka hamsini na kitu, na mabega yake bado ni mapana.

Likizo ndefu iliyopita, taasisi moja ya hapa kwetu iliagiza makabati mawili ya vifaa vya kompyuta. Nasema kabati, lakini msomaji asifikirie kabati la nguo. Ni fremu ya chuma yenye urefu wa karibu mita mbili na upana wa sentimita 60 tu, na ndani yake hupangwa seva, vifaa vya mtandao na betri. Kwa hiyo ni kitu kirefu, chembamba na kizito, kinachosimama juu ya magurudumu manne madogo. Hatari yake si uzito peke yake. Hatari yake ni kupinduka.

Makabati hayo yalishushwa bandarini Dar es Salaam, yakaja kwa lori kupitia Rusumo, Kigali na Musanze hadi kwetu. Njia yenyewe si ngeni kwa mizigo. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen aliingia Rwanda kwa kuvuka Kagera huko Rusumo, akaenda mpaka Ziwa Kivu, na mali zake zote zilikuwa juu ya wapagazi.

Fundi wa kuyasimika alitoka Mwanza na hakujua neno hata moja la Kinyarwanda. Wabebaji walikuwa watano: data wacu na majirani zetu wawili, ambao Kiswahili chao ni cha kusalimiana tu, pamoja na vijana wawili wa Goma waliozoea Kiswahili cha Kongo. Mimi niliitwa kutafsiri. Nilifurahi mno. Mtoto wa Nyamyumba anayesomea Kiswahili, leo kazi imempata mlangoni!

Tulianza na kabati tupu. Juu ya sanduku lake iliandikwa kilo 160. "Hili la watoto," alisema kijana mmoja wa Goma, tukacheka. Tuliondoa mbao za sanduku, likabaki kabati limesimama juu ya jukwaa lake la mbao, na kutoka jukwaani hadi sakafuni tukaweka ubao wa mteremko uliokuja nalo. Watu wawili walikaa nyuma kulisukuma. Data wacu, bila kuambiwa na mtu, akasimama pembeni kule chini ya mteremko, mkono mmoja kwenye fremu, kama anayepokea gunia. Alikuwa amevaa kandambili. Hakuna aliyemwondoa. Mimi pia sikumwondoa.

Kabati likaanza kuteremka. Fundi, aliyekuwa nyuma, aliona mzee amelizuia, akataka atembee nalo. Akaita, "Mzee, fuata! Fuata!"

Kazi yangu ilikuwa kusema "kurikira," ndilo neno letu. Lakini nilitaka fundi asikie Kiswahili changu. Basi nami nikapaza sauti: "Fuata! Fuata!"

Neno "fuata" likisemwa haraka, sikio la Mnyarwanda husikia "fata." Na "fata" kwa Kinyarwanda maana yake ni shika.

Data wacu akashika kwa nguvu zake zote. Wa nyuma wakaendelea kusukuma. Kabati likajipinda, gurudumu moja likatoka kwenye ubao, na ukingo wa chini wa fremu ukatua juu ya mguu wake. Vidole viwili vilivunjika. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema, "Nafashe." Yaani: nimeshika.

Neno hilo moja lilinitoa machozi kuliko damu niliyoiona.

Jioni, baada ya kutoka kituo cha afya, nilikwenda kwake kuomba radhi. Nilimweleza kosa langu la fuata na fata. Alinyamaza kwa muda, kisha akanisimulia habari za ingobyi, machela ya kienyeji. Zamani, kabla magari hayajafika kwenye vilima vyetu, mgonjwa alilazwa katika ingobyi na wanaume wakamteremsha kwa mabega mpaka hospitali. Alisema kwamba katika kazi hiyo anayesema ni mmoja tu, yule anayeona njia, wengine husikiliza. Na maneno mnapatana kabla ya kuinua, maana mkishainua hakuna tena nafasi ya kuulizana.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, leo aliyekuwa anaiona njia ni nani?"

Sikuwa na jibu. Fundi alikuwa nyuma, akiona mgongo wa kabati tu. Mimi ndiye niliyekuwa mahali pa kuona yote, mteremko, gurudumu na kandambili, lakini nilikuwa nakiangalia Kiswahili changu.

Kabati la pili lilishushwa siku mbili baadaye. Hilo lilikuja na vifaa vyake ndani, na sandukuni iliandikwa kilo 480. Nilimwomba fundi atupe saa moja kabla ya kugusa kitu, naye, ambaye usiku ule hata yeye hakulala vizuri, alikubali mara moja.

Kwanza tulilikagua sanduku likiwa bado limefungwa. Masanduku ya namna hii hubandikwa vibandiko vinavyobadilika rangi kama mzigo uligongwa au ulilazwa njiani. Vyetu vilikuwa salama. Pili, tulitembea njia yote mikono mitupu. Tulipima milango, tukaokota kokoto, tukatandika mbao nene pale penye vigae na kwenye kizingiti, kwa sababu gurudumu dogo likikwama ghafla, sehemu ya juu ya kabati huendelea na safari. Tatu, fundi alizitoa betri na vifaa vizito vya juu, kimoja kimoja, kila kimoja kikibebwa na watu wawili. Nilikumbuka jinsi mashua ya Stanley, Lady Alice, ilivyotoka Bagamoyo mwaka 1874 ikiwa imegawanywa vipande ili wapagazi waweze kuifikisha Ziwa Viktoria. Mzigo usiobebeka kwa pamoja hugawanywa, na kilichobaki ndani ya kabati hukaa chini.

Nne, aliyevaa kandambili alirudi nyumbani kutafuta viatu vya kufunika mguu. Tano, tulikubaliana nani asimame wapi. Hakuna mtu chini ya mteremko. Kabati lisukumwe kwa mbele au nyuma, si kwa ubavu, maana ubavuni ni kwembamba na ndiko linakopindukia. Mikono isiwekwe juu sana. Na likianza kuanguka, kila mtu akimbie, asijaribu kulidaka. Sharti hili lilikuwa gumu kuliko yote kwa watu waliozoea kuokoa mzigo. Fundi alilirudia mara tatu, nami nikalitafsiri mara tatu, safari hii kwa Kinyarwanda: chuma kitanunuliwa kingine.

Mwisho tulichagua maneno. Tulikaa kwenye majani, tukayajaribu moja baada ya jingine kwa sauti, na kila mtu akaeleza alichosikia. "Fuata" tulilifukuza. "Leta" nalo tulilifukuza, kwa sababu kwa Kinyarwanda Leta ni serikali, na vijana wa Goma walicheka mpaka wakalala chini. Yalibaki matatu: twende, simama, kimbia. Pamoja nayo, mkono ulioinuliwa ulimaanisha simama, hata kama hujasikia chochote.

Data wacu alikuja akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Tulimwekea kigoda karibu na mlango, mbali na mteremko, mahali panapoonekana njia nzima. Fundi alimwambia, "Mzee, leo sisi tunakusikiliza wewe." Basi yeye ndiye aliyekuwa sauti. Twende. Simama. Twende. Kutoka jukwaani hadi chumbani ni hatua kama ishirini. Zilituchukua dakika arobaini. Hakuna aliyeumia hata ukucha.

Kabati lilipofika mahali pake, fundi aliteremsha miguu yake ya kusawazisha, akalifunga sakafuni kwa bolti kabla ya kurudisha kifaa chochote. Jirani mmoja aliuliza kwa nini kitu kizito namna hii kifungwe tena. Data wacu akamjibu kwa kumkumbusha Mei 2021. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22, kisha ardhi ikatetemeka siku kadhaa na nyumba za Gisenyi zikapasuka kuta. Hakuna aliyeuliza tena. Vifaa vilirudishwa kwa kuanzia chini, vizito kwanza, na wakati wote huo kilivutwa nje kimoja tu kwa wakati, kwa sababu viwili vikitokeza pamoja huweza kuliinamisha kabati lisilofungwa. Umeme uliwashwa kesho yake, baada ya vifaa kuzoea hali ya chumba na unyevu kukauka.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na sisi wanafunzi hupenda kusema kwamba ni lugha ya biashara na kazi katika Afrika Mashariki. Ni kweli. Fundi wa Mwanza, vijana wa Goma na wazee wa Nyamyumba wasingekutana kwenye mzigo mmoja bila lugha hii. Lakini nimejifunza kwamba mkalimani hapimwi kwa ufasaha wake. Anapimwa kwa yule mtu wa mwisho, ambaye mguu wake uko karibu na gurudumu: je, ameelewa?

Hata ile methali ya darasani siisomi tena kama zamani. Inatuambia tumpe Mnyamwezi mzigo mzito, lakini haituambii kama kuna aliyemuuliza alichosikia alipoambiwa ainue.

Vidole vya data wacu vimepona, ingawa kimoja kimebaki kimepinda. Kila nikienda kumsalimu hunimiminia chai, hunyoosha kikombe, na kwa uso mkavu huniambia, "Fata." Nami nashika.