BIBI YANGU ALILIPIA GIZA MIEZI MITANO ILI MIMI NISIKATWE

Najua mmezoea kuja hapa kula ubuyu wa mastaa, nani kaachana na nani, nani kapangishiwa nyumba na nani. Leo ubuyu ni wangu mwenyewe, na kusema ukweli nimeuandika nikaufuta mara tatu. Majina yote kapuni. La kampuni kapuni, la staa kapuni, hata la kijiji silitaji. Jueni tu ni Kishapu, Shinyanga, sio mbali na mgodi wa almasi wa Mwadui.

Kilichonifanya niandike ni mabishano ya mitandaoni. Tangu Trump asimamishe misaada ya nje Januari 2025, na USAID kufungwa rasmi Julai 1 mwaka huo huo, vijana tumegawanyika mafungu mawili. Wa kwanza wanasema tumekwisha. Wa pili wanasema safi sana, misaada ilikuwa inatudumaza. Hata Power Africa imekufa, ile programu ya umeme aliyoitangaza Obama mwaka 2013, akaja mpaka Ubungo, Dar, akapiga danadana mpira unaotunza umeme. Wakubwa mtakumbuka.

Mimi nayasoma hayo yote nikiwa Katoro, Geita, kwenye kibanda changu cha kuchaji simu na kurusha nyimbo kwenye memori kadi. Najiuliza, hivi kati ya wanaobishana, kuna aliyewahi kuona hela ya mfadhili ikiingia nyumbani kwa mtu, ikakaa, ikatoka? Mimi nimeona. Iliingia kwa bibi yangu, na aliyeifungulia mlango ni mimi.

Nilimaliza fomu foo 2018. Matokeo yangu tuyaache yalivyo. Mwaka 2019 nikapata mchongo wa kuwa wakala wa kampuni ya sola. Ukipata mteja unapewa kamisheni. Mteja anatoa kianzio, anafungiwa paneli, betri, taa tatu, redio na sehemu ya kuchajia simu. Baada ya hapo analipa Sh 1,000 kwa siku, kwa simu, miezi 36. Asipolipa, mtambo unajifunga wenyewe. Taa haziwaki hata jua liwe kali kiasi gani.

Sasa nyuma ya kampuni kulikuwa na wafadhili. Sisi mawakala tuliambiwa kwenye semina, tena kwa kujivunia. Hela yao ilikuwa inalipwa kwa matokeo. Ukishafunga mtambo, unapiga picha ya nyumba, unaandika namba ya mteja, mhakiki anapita, nyumba inahesabiwa, hela inaingia. Nyumba inahesabiwa mara moja tu, siku taa inapowaka. Siku ile sikuona tatizo lolote hapo. Nilikuwa nahesabu kamisheni.

Na kulikuwa na sheria moja ndogo. Mteja wako akichelewa kulipa siku 30, wakala unakatwa. Hiyo nilimwambia bibi kwa utani tu siku namfungia, nikasema, "Bibi, usiponilipia mimi ndio nakatwa, shauri yako." Tukacheka.

Bibi ndiye alikuwa mteja wangu wa kwanza. Na wadau, naomba mnielewe, ile taa ilikuwa na maana. Wasiotoka Usukumani hawajui. Huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu haishi kwa amani. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi, moshi wa kuni, moshi wa kinyesi cha ng'ombe, moshi wa kibatari, lakini mtaani wanasema mchawi. Kuna bibi za watu wameuawa kwa mapanga kwa maneno hayo hayo, Shinyanga na Geita, hilo sio siri. Bibi yangu anaishi na mjukuu mmoja mdogo tu. Taa moja niliifunga nje, juu ya mlango. Asubuhi nilipoamka nikamsalimia, mwangaluka, akaniambia usiku ule ndio kwa mara ya kwanza tangu babu afariki hakusogeza kinu mlangoni kabla ya kulala.

Kwa hiyo mtu akiniambia misaada ile ilikuwa ya bure bure, namuuliza ameshawahi kulala na kinu mlangoni?

Baada ya miezi michache wakaja wageni. Wazungu watatu, mabosi wetu kutoka Dar, na staa mmoja. Mnamjua vizuri, wengi wenu mmem-follow. Alikuwa balozi wa nishati safi kwa siku moja. Wakachagua nyumba ya bibi kwa sababu iko karibu na barabara. Saa nane mchana, jua linawaka, wakawasha taa. Bibi akaambiwa akae chini ya taa acheke. Staa akamkumbatia, picha ikapigwa, likes zikamiminika. Nilimtafsiria bibi kila kilichosemwa, maana Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Mwishoni akaniuliza kwa Kisukuma, "Huyu binti ndiye tunayemlipa ile elfu moja?" Nikacheka mpaka bosi akaniangalia vibaya.

Ile picha ilibandikwa ofisini kwetu kubwa kama mlango. Bibi anatabasamu.

Julai 2021 betri ya bibi ikafa. Ilikuwa na miezi 26. Mimi nilikuwa sijui, kwa sababu nilikuwa na yangu. Awamu ya ufadhili ilikuwa imeisha, mauzo mapya yamesimamishwa, ofisi ya Shinyanga ikapunguza watu. Agosti nikaambiwa nirudishe fulana na simu ya kazi. Nikapanda gari kwenda Geita, kwa kaka yangu aliyekuwa anafanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Sikumwambia bibi kwamba kazi imeisha. Niliona aibu. Kijiji kizima kilikuwa kinajua mjukuu wake ni mtu wa sola.

Nikarudi nyumbani Krismasi. Nimefika saa moja jioni, nyumba ina giza. Kinu kiko mlangoni. Nikadhani amechelewa kulipa, nikachukua simu yake niangalie. Meseji zipo zote. Asante mteja kwa malipo yako. Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Sh 30,000 kila mwezi, jumla Sh 150,000. Kuku wameisha. Choroko alizokuwa ameweka akiba kwa ajili ya kuuza bei ikipanda, zimeisha.

Nikamuuliza, "Bibi, taa haziwaki, ulikuwa unalipia nini?"

Akaniambia, "Nilipiga ile namba mara mbili, wakasema fundi anakuja. Hakuja. Nikasema nikiacha kulipa, mjukuu wangu atakatwa mshahara."

Wadau, mimi ule mshahara sikuwa nao tangu Agosti. Nilikaa nje mpaka usiku wa manane.

Sasa nirudi kwenye mabishano yenu. Nimekaa miaka nikilifikiria hili jambo, na hitimisho langu sio la kundi la kwanza wala la pili. Mfadhili hakumwibia bibi yangu. Kampuni pia iliweka taa kweli, na iliwaka kweli miezi 26. Tatizo ni kwamba hakuna mtu hata mmoja kwenye ule mnyororo aliyelipwa ili taa iendelee kuwaka. Mimi nililipwa ifungwe. Kampuni ililipwa ihesabiwe. Mfadhili aliridhika na picha. Aliyebaki na jukumu la mwezi wa 27 ni mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye kuku tisa.

Kingine, tuache kuita kila kitu msaada. Hapo hapo Kishapu kuna mradi mkubwa wa umeme wa jua wa TANESCO, megawati 150, awamu ya kwanza megawati 50, mkandarasi Sinohydro wa China alisaini mwaka 2023. Hela inatoka Ufaransa, shirika lao la maendeleo, AFD, euro milioni 130. Huo ni mkopo, jamani. Wa masharti nafuu, sawa, lakini mkopo ni mkopo, tutaulipa mimi na wewe na watoto wetu. Siusemi vibaya. Jua la Shinyanga lilikuwa linaunguza mtama bure tu, bora litengeneze umeme. Ila ule umeme unaingia gridi ya taifa. Mtu anaweza kuishi anaziona zile paneli kila siku akakaa gizani, kama nguzo haijamfikia. Paneli kuwa jirani yako sio sawa na umeme kuwa ndani kwako.

Nguzo kwetu zilifika 2023 kupitia REA. Bibi aliunganishwa kwa Sh 27,000. Linganisheni wenyewe. Mkataba wa sola ulikuwa Sh 1,080,000 ukiacha kianzio, na mwisho wa siku mtambo haukuwa wake hata ukiwa umeungua. Na hapo pia msidhani ni kila mtu anapata hiyo bei. Mji mdogo ukihesabiwa kuwa mji, kuunganishwa ni Sh 320,960. Huku Geita, yapo maeneo yana nyumba za udongo na mbuzi, ila kwenye karatasi ni mtaa.

Na hiyo REA hela inatoka wapi? Norway na Sweden wamechangia, Benki ya Dunia imekopesha, ni kweli. Lakini angalia risiti yako ya luku. Kuna asilimia 3 pale imeandikwa REA. Wewe uliyepanga chumba Sinza unayelalamika uniti hazikai, umemchangia bibi yangu nguzo. Wewe ni mfadhili. Tofauti yako na yule staa ni kwamba hujapiga picha.

Kwa hiyo mfadhili akiondoka, swali la kwanza sio nani atatoa hela nyingine. Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, tumejenga kwa hela zetu, kumbe tukitaka tunaweza. Swali ni nani analipwa kurudi kijijini mwezi wa 27, betri ikifa. Kama hakuna, basi iwe hela ya Marekani, ya Ufaransa au ya luku yako, mwisho ni kinu mlangoni.

Zile Sh 150,000 nilimrudishia bibi mwaka jana, kidogo kidogo. Alikataa mara ya kwanza, akasema hakunikopesha. Nikamwambia kweli yote, kwamba kazi ilikuwa imeisha tangu Agosti na nilimficha. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Sasa si ungeniambia, nikala kuku wangu?"

Amenunua kuku saba. Taa ya nje sasa ni ya luku, inawaka usiku kucha. Ananipigia mimi nimnunulie uniti, na siku zikikaribia kuisha hanitumii meseji, anabipu tu. Nikiona bipu ya bibi, naacha kila kitu.

Kama nawe uliwahi kuwa wakala wa kitu ulichowauzia ndugu zako, njoo hapo chini tuambizane. Majina kapuni.