Jipu Langu

Msomaji, nani hajapata kuota jipu? Kwa hiyo la shingoni mwangu nililidharau, nikameza vidonge vichache vya penisilini vilivyosalia nyumbani, bila kumwuliza daktari. Likazidi kuvimba hata nikashindwa kugeuza kichwa kutoka ubaoni niwatazame wanafunzi wangu. Hospitalini walilipasua, wakapeleka usaha maabara.

Baada ya siku mbili mtaalamu alinionyesha sahani iliyotandwa na stafilokokasi, vijidudu vinavyojikusanya mithili ya vichala vya zabibu. Juu yake vilipangwa vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimetiwa dawa yake. Kuzunguka baadhi yake palikuwa na duara safi, hapakuota kitu. Kwenye kipande cha penisilini vilistawi hata ukingoni, kama majani kando ya kisima!

Nawe fikiri: vijidudu vya ukoo huu ndivyo Alexander Fleming alivyoviona vikiyeyuka kando ya ukungu, London, mwaka 1928. Mwaka 1945 alikwisha kuonya kwamba dawa haba huvizoeza kuistahimili. Leo vingi vyavyo hutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini.

Nilipewa dawa nyingine, mojawapo ya zile zenye duara, nikapona. Kabatini mlikuwa na vidonge sita bado. Nilikuwa nimemwekea mwanangu.