Siku Bibi Alipolitazama Ziwa

Sisi wa Ngara tumezoea milima na mto Ruvubu. Ziwa Victoria kwetu ni la kwenda kutembelea. Juni 2023, watoto walipofunga shule, tuliamua kuwapeleka Bukoba kwa gari. Tulifungasha ndizi na karanga, tukamchukua na Bibi. Alikubali kwa sharti moja: “Ziwani msinipeleke.”

Hatukumwuliza sababu. Tuliijua. Dada yake, aliyeolewa Bukoba, alikuwamo ndani ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Walikufa watu zaidi ya 800. Tangu hapo habari ile haikutajwa nyumbani kwetu, nasi tuliona kunyamaza ndiyo heshima.

Tulilala Biharamulo. Asubuhi watoto walilitazama boma la Wajerumani, kisha tukapita porini hadi Muleba, kwenye migomba na kahawa. Bukoba tulianzia kanisa kuu la Katoliki, lilimo kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa kardinali, mwaka 1960. Sokoni tukanunua kahawa ya kutafuna.

Saa nane mchana watoto walianza kuulilia ufukwe. Tulitazamana. Tufanyeje? Tuliegesha gari mbali kidogo, chini ya mti, ili Bibi abaki ndani.

Mara kitinda mimba wetu akarudi mbio, miguu imelowa. “Bibi, mbona huji? Unaogopa maji?”

Tukamkemea. Lakini Bibi alikwisha kufungua mlango. “Mwacheni. Ninyi hamjapata kuniuliza.”

Alikaa mchangani akikitazama kisiwa cha Musira. Akawasimulia watoto habari za dada yake: alivyosuka mikeka, alivyocheka hadi machozi, alivyopanda meli na mikungu miwili ya ndizi. Watoto walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Kisha akashuka majini, akanawa uso.

Kurudi, alisinzia njia nzima, mkono wake juu ya kichwa cha yule mdogo.

Akina mama wapendwa, huenda kwenu pia yupo mzee mnayemfichia kidonda chake kwa kunyamaza. Sisi tulidhani tunamhurumia, kumbe tulimwacha peke yake. Mwulizeni taratibu. Asipotaka kusema, mwacheni. Akitaka, zimeni redio, mkae naye.