Dumu la Lita 20 na Vilima vya Buger

Nilipotambulishwa kwa kipaza sauti kuwa ni "Daktari kutoka chuo kikuu," bibi mmoja aliyeketi chini ya mti aliniita pembeni akaniomba nimtazame goti. Ilinibidi nimweleze, kwa aibu kidogo, kwamba udaktari wangu ni wa vitabu, na kwamba nimefika Buger kwa sababu daktari wa kweli amenitia hofu. Bibi akacheka. "Basi sote wagonjwa, baba," akasema. "Nenda, Mungu akutangulie."

Nina umri wa miaka 46. Kwa takriban miaka 20 kazi yangu imekuwa kuketi: naketi nikisoma, naketi nikisahihisha, naketi kwenye vikao vinavyojadili vikao vingine. Mwaka jana nilipimwa shinikizo la damu nikaambiwa kwamba nisipobadili mwenendo, nitaanza kumeza vidonge maisha yangu yote. Nikaanza kukimbia alfajiri, kisha nikaazima baiskeli ya rafiki, kisha, kama ilivyo desturi yetu wasomi, nikaanza kusoma kuhusu jambo hilo kuliko kulitenda. Hapo ndipo nilipokutana na triathloni, mchezo wa hatua tatu: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, bila kupumzika katikati.

Mchezo huu si wa kale. Mashindano ya kwanza yaliyobeba jina hilo katika zama zetu yalifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1974. Mwaka 1978 wanaume 15 walijitosa Hawaii katika mashindano marefu yaliyokuja kuwa maarufu duniani, na 12 wakamaliza. Olimpiki iliupokea mchezo huu Sydney mwaka 2000, kwa umbali wa kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Nilipomsimulia hayo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha sekondari wilayani Karatu, alinijibu kwamba wao pia wana mashindano ya hatua tatu, ya kienyeji, wakati wa likizo ya Desemba watu wanaporudi nyumbani. "Ila sisi hatuogelei, mwalimu," akaongeza. "Hatuna pa kuogelea. Maji hatuyaingii, tunayabeba."

Nilidhani anatania.

Asiyeijua Buger aondoke Karatu mjini, aiache barabara ya lami inayopeleka watalii Ngorongoro, aelekee kusini. Ni nchi ya vilima, juu ya kingo za Bonde la Ufa, jirani na msitu wa Marang ambao hulisha mito inayoteremka kuelekea Ziwa Manyara. Udongo ni mwekundu, mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi yamepanda hadi kwenye miinuko ambayo mtu wa pwani asingethubutu kusimika hata nguzo ya nyumba. Wenyeji wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji. Macho ya mgeni huona mandhari. Mapafu yake huona jambo jingine.

Kanuni zilikuwa rahisi. Hatua ya kwanza: teremka kijitoni, chota maji lita 20, yapandishe hadi uwanja wa shule, umbali wa kilomita moja hivi, na yasimwagike. Maji hayo ndiyo yatakayopikia makande ya washiriki. Hatua ya pili: baiskeli, kilomita 18. Hatua ya tatu: mbio za kilomita 6. Unaweza kushindana peke yako, au watu watatu mgawane hatua. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyesoma sana juu ya jambo, nilijiandikisha peke yangu.

Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20. Hilo nililijua tangu darasa la sita. Nisilolijua ni kwamba kilo 20 za maji si sawa na kilo 20 za saruji, kwa sababu maji yana akili yake: ukienda kushoto yanakwenda kulia, ukisimama yanaendelea. Nililiweka dumu begani, nikalihamishia bega la pili, nikalishika mkononi, nikalikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Nilitua mara tisa. Vijana nao walitua, ingawa si kwa wingi huo. Katikati ya mwinuko alinipita mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, dumu kichwani juu ya kata ya kanga, mkono mmoja tu ukiligusa. "Shikamoo, mwalimu," akaniamkia bila kupunguza mwendo. Nilishindwa kuitika kwa pumzi niliyokuwa nayo. Alifika wa kwanza kati ya watu wote, wanawake kwa wanaume, na aliyemfuata alikuwa bado mbali chini.

Baadaye, nilipofika na dumu langu likiwa pungufu, nilimuuliza amefanya mazoezi kwa muda gani. Alinitazama kama mtu anayepima kama swali ni la kweli. "Tangu nina miaka saba," akasema. "Ila hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ni mazoezi."

Hatua ya baiskeli ilinifundisha somo jingine. Baiskeli yangu ya kuazima ilikuwa na gia nyingi. Ya kijana aliyekuwa nyuma yangu haikuwa na hata moja, ni zile za chuma zinazobeba magunia ya mahindi kwenda sokoni. Kwenye mlima mkali wa kwanza nilijivunia gia zangu, nikikanyaga taratibu. Yeye aliruka chini, akaishika baiskeli kwenye usukani na kwenye kiti, akakimbia nayo akiisukuma, akanipita. Kwenye mteremko alipanda tena akatoweka katika vumbi. Mimi nilishika breki hadi vidole vikafa ganzi, maana nilikuwa na mke, watoto na mkopo wa benki.

Kuhusu mbio nitasema machache. Anayetoka kwenye baiskeli akaanza kukimbia hugundua kwamba miguu yake imebadilishwa kuwa magogo. Kilomita ya tatu nilianza kutembea. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, unakimbizwa na nini?" Nilimjibu: "Vidonge, mzee." Sidhani alinielewa. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa ameumia kifundo cha mguu.

Laiti ningeishia hapo, hii ingekuwa simulizi ya kuchekesha ya msomi aliyedhalilishwa na vilima. Lakini kuna jambo linalonisumbua.

Kwa kuwa nilikuwa mgeni mwenye cheo, niliombwa nitoe nasaha na kukabidhi zawadi. Nikasimama, nikasema maneno yaliyotarajiwa. Nikamtaja Filbert Bayi, mwana wa Karatu, ambaye Februari 1974 kule Christchurch, akiwa na miaka 20, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ambayo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola haikuvunjwa hadi mwaka 2022. Nikamtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu jirani, aliyeanguka na kuumia katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 lakini akaimaliza, wa mwisho kati ya 57 waliofika. Nikasema kwamba vilima hivi vimebarikiwa, kwamba maisha magumu ndiyo yanayozaa mashujaa. Nikapigiwa makofi. Nikawakabidhi fulana vijana wawili wa kikundi kilichoshika nafasi ya pili, mwendesha baiskeli na mkimbiaji. Walikuwa wawili. Kikundi kilikuwa cha watu watatu.

Wa tatu alikuwa yule mama. Alikuwa amekwisha kuondoka kabla ya zawadi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi. Sikumuulizia. Sikumtaja. Mimi, ambaye kila mwaka wa masomo hufundisha mihadhara miwili kuhusu kazi ya wanawake isiyolipwa, nilimsahau mwanamke aliyenipita njiani na dumu kichwani saa nne tu kabla.

Nimejiuliza kwa nini. Nadhani jibu limo katika hotuba yangu yenyewe. Tunapenda kusema kwamba ugumu wa maisha huzaa mabingwa, kwa kuwa kauli hiyo hutuondolea deni. Tunamkumbuka Akhwari kwa kuanguka kwake, lakini ni wangapi wanajua kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh 1970, alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa muda wa saa 2 na dakika 15? Machozi yake yametufaa kuliko kasi yake. Vivyo hivyo kwa Bayi: tunavisifu vilima, wakati vilima havimnunulii mtoto viatu wala havimpi kocha. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sisi wenyewe tulisitisha kwa miaka kadhaa michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ngazi ambayo mtoto wa kijijini angeipanda ili aonekane, kabla ya kuirejesha baadaye. Vilima vilikuwa palepale miaka yote hiyo.

Kwa upande wa maji, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilieleza kwamba mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka alipo. Tumekuwa na kaulimbiu nzuri ya kumtua mama ndoo kichwani. Sikwenda Buger kufanya utafiti, na siwezi kusema kijiji kipi kimefikiwa na kipi bado. Nasema tu kwamba mchezo tulioucheza kwa furaha asubuhi ile ulikuwa na umbali wa zaidi ya mara mbili ya huo wa sera, kwamba mwenye punda humbebesha punda na asiye naye hujitwika, na kwamba kwa mshiriki mmoja ile haikuwa michezo.

Shinikizo langu la damu limeshuka kidogo, namshukuru Mungu, na Desemba ijayo nitarudi. Nimemwandikia mwanafunzi wangu kuomba mambo mawili: zawadi zitolewe mara tu hatua ya kwanza inapokwisha, na fulana ya tatu, ambayo nimeinunua mimi, imfikie mwenyewe pamoja na radhi zangu. Ni malipo madogo kwa kosa lisilo dogo.

Asubuhi ya kuondoka, gari letu lilipita juu ya kile kijito. Alikuwa anapanda mwinuko uleule, dumu kichwani, na nyuma yake binti wa miaka saba hivi mwenye kidumu cha lita tano. Niliwapungia mkono dirishani. Mama alitabasamu. Binti hakuweza kunipungia, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kidumu.