St Andrews: Gofu kwenye Ardhi ya Mji

Treni haifiki St Andrews. Reli ya mji huo wa pwani ya mashariki ya Uskoti ilifungwa mwaka 1969, na tangu hapo msafiri anayetoka Edinburgh hushuka Leuchars, kituo kidogo chenye upepo mkali, kisha hupanda basi la kumfikisha mjini. Nilikaa upande wa kushoto, ule wa bahari, nikitafuta ukuta. Mimi gofu nimejifunzia Mombasa, kwenye mashimo 9 yaliyo juu ya mwamba wa matumbawe, na gofu niliyoizoea ni ya lango, mlinzi na kadi ya uanachama. Huku, kwenye uwanja ambao mcheza gofu huusikia sifa zake kabla hata hajashika fimbo, nilitarajia ukuta mrefu kuliko wowote niliowahi kuuona.

Haupo. Niliteremka kwa miguu kutoka mjini nikakuta njia ya lami, Granny Clark's Wynd, inayokatiza shimo la kwanza na la 18 kuelekea ufukweni, na juu yake mama anasukuma kigari cha mtoto. Wazee wawili wameketi kwenye nyasi na chupa yao ya chai. Mbwa wanakimbizana pale ambapo mchezaji Cameron Smith alishinda mashindano ya 150 ya The Open mwaka 2022. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili uwanja huu, Old Course, hupumzishwa isipokuwa pakiwa na mashindano makubwa. Siku hiyo uwanja huwa bustani ya watu wote. Nililivuka daraja la mawe la Swilcan, lile ambalo Jack Nicklaus alisimama juu yake kuwaaga mashabiki mwaka 2005, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi wala natafuta nani.

Haki hiyo ya kupita ilipiganiwa. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alipata ruhusa ya mji kufuga sungura kwenye matuta haya, naye kwa hati hiyohiyo akakiri kwamba wakazi wana haki ya kucheza gofu na mpira hapo, kulenga shabaha na kulisha mifugo. Baadaye sungura nusura waumalize uwanja. Mwaka 1797 mji ulielemewa na madeni ukaiuza ardhi, ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Wanyama wakazaana, wakachimba kila mahali, na mvutano kati ya wafugaji na wacheza gofu ukafika mahakamani. Mwaka 1821 James Cheape, mwenye shamba la jirani la Strathtyrum, aliinunua ardhi hiyo na kuinusuru. Mwaka 1894 sheria ya Bunge ikairudisha kwa mji, na mwaka 1974 sheria nyingine ikaunda St Andrews Links Trust, taasisi inayoviendesha viwanja vyote 7 hadi leo. Lile jengo la mawe la mwaka 1854 lililo nyuma ya kianzio cha kwanza, ambalo picha yake iko kila mahali, ni la klabu ya Royal and Ancient. Nyasi zilizo mbele yake ni za mji. Nakiri kwamba hilo lilinigusa kuliko vikombe na majina yote ya mabingwa.

Jioni hiyo nilienda hadi West Sands, ufuko mrefu ulio nyuma ya viwanja, ambako bado matuta yanajengeka. Huko ndiko unakoelewa ardhi hii ni ya namna gani. Linksi ni ukanda wa mchanga ulioachwa na bahari kati ya ufuko na mashamba: chumvi nyingi, rutuba haba, upepo usiotulia. Shayiri haikubali. Zinazokubali ni nyasi ndefu zenye ncha kali zinazoushika mchanga mbele kabisa, na nyuma yake, matuta yakishatulia, nyasi za feski, nyembamba na ngumu. Kwa karne nyingi nyasi hizo zilifupishwa na meno ya kondoo, na inasimuliwa kwamba baadhi ya mabanka, yale mashimo ya mchanga yanayomtega mchezaji, yalianza kama vishimo ambamo kondoo walijibanza kukimbia upepo. Ile mikunjo ya ardhi inayomhangaisha mchezaji haikuchorwa na mhandisi yeyote. Ni matuta ya kale yaliyovaa nyasi.

Nilipiga goti nikazitenganisha nyasi kwa vidole. Chini yake mchanga mkavu, wa kijivu, ukaingia kwenye kucha, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku uliotangulia. Maji hayatuami hapa, na ndiyo maana mpira ukianguka hauzami, bali unaruka na kukimbia. Matuta ya Shela kule Lamu nayo ni mchanga uliosukumwa na upepo, na chini yake yamo maji matamu yanayonywewa na mji. Watu wa Lamu wamelazimika kuyatetea yasijengwe, na nilipokuwa nimesimama pale West Sands niliwaza kwamba watu wa St Andrews wangewaelewa bila mkalimani.

Nafasi ya kucheza Old Course hupatikana kwa njia kadhaa, na ninayoiona ya haki kuliko zote ni kura. Wachezaji wawili hadi wanne huandikisha majina siku mbili kabla. Yakitoka, wanacheza, awe hakimu au fundi bomba. Lazima uwe na cheti cha handikapu, kipimo cha uwezo wa mchezaji, isiyozidi 36. Ada ni kubwa: mwaka 2024, msimu wa kiangazi, ilikuwa pauni 320. Mkazi wa mji hununua tiketi ya mwaka mzima kwa bei ya wenyeji, na watoto na wanaoanza wana uwanja wao wa mashimo 9, Balgove. Rafiki yangu, Mtanga anayefanya kazi Edinburgh, ndiye aliyetuandikisha. Majina yetu yalipotoka alinipigia simu, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Tukapewa kedi mmoja, msichana mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapohapo, aliyebeba mfuko wangu kana kwamba hauna kitu ndani. Kianzio cha kwanza kina njia pana kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuiona, kwa sababu shimo la kwanza na la 18 yanatumia uga mmoja usio na mpaka. Nyuma yako madirisha ya klabu, kando yako wapita njia wamesimama kukutazama. Mikono ilitetemeka. Mpira ukaenda chini, ukabiringika, ukaendelea kubiringika, na kwa ugumu wa ardhi ile ukafika mbali kuliko nilivyostahili.

Kwenda nje upepo ulikuwa mgongoni. Uwanja huu huenda moja kwa moja hadi mlango wa mto Eden, ukazunguka kidogo, kisha ukarudi ulikotoka, na mashimo 14 kati ya 18 yanagawana grini 7 kubwa mno. Ukijumlisha namba za mashimo mawili yanayogawana grini, jibu ni 18 daima: la 2 na la 16, la 5 na la 13. Nilijikuta kwenye grini ambapo kusukuma mpira hadi shimoni ni safari, na upande wa pili wachezaji wengine wanarudi, wanainua kofia, wanasubiri zamu.

Kurudi ndipo palipokuwa na kazi. Upepo ulitugeukia usoni na mabanka, ambayo yako 112, yakaanza kuonekana moja baada ya jingine. Mengi huyaoni ukiwa kwenye kianzio. Kedi ndiye ramani yako. "Lenga mnara wa kanisa," alikuwa akisema, akinyoosha kidole kuelekea mjini, na mimi nikaamini, maana mbele yangu niliona vichaka vya miiba vyenye maua ya njano tu. Kwenye shimo la 14 kuna Hell, banka lenye kina cha takriban mita 3. Mwaka 1995 Nicklaus, aliyekwishashinda The Open hapohapo mara mbili, alitumia mikwaju 4 kutoka humo na akamaliza shimo kwa 10. Tulipita mbali nalo. Mwaka 2000 Tiger Woods alicheza raundi zote 4 za The Open bila mpira wake kuingia kwenye banka hata moja, akashinda kwa tofauti ya mikwaju 8. Takwimu hiyo nilikuwa naijua tangu zamani. Siku hiyo, nikiwa nimesimama kwenye upepo ule, ndipo niliposadiki ukubwa wake.

Shimo la 17 hulipiga bila kuliona. Mbele yako kuna vibanda vya hoteli iliyojengwa kwenye eneo la ile reli iliyokufa, nawe unatakiwa urushe mpira juu yake. Nyuma ya grini kuna barabara, na nyuma ya barabara, ukuta wa mawe. Mpira wa rafiki yangu ulivuka grini ukatulia barabarani. Kanuni za hapo zinasema barabara ni sehemu ya uwanja, kwa hiyo akapiga kutoka kwenye lami, na mpira ukapanda ukasimama hatua chache kutoka shimoni. Watu waliokuwa kando ya barabara, wasiomjua hata jina, walimpigia makofi.

Baada ya mchezo tulipita Himalayas, uga wa kusukumia mpira wenye mabonde na milima, unaotunzwa na klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1867. Yeyote anaruhusiwa kwa ada ndogo, bila cheti wala mavazi maalumu. Bibi mmoja alikuwa akishindana na wajukuu wake, na alikuwa akiwashinda.

Ukipanga kwenda, panga siku zako zianze na Jumapili, uutembee uwanja wote kwa miguu kabla hujaucheza, hulipi chochote. Chukua koti la upepo hata mwezi Julai. Na majina yasipotoka kwenye kura, usirudi bila kucheza: New Course, uwanja uliofunguliwa mwaka 1895, uko ubavuni mwa ule wa zamani, kwenye mchanga uleule, na nafasi zake hupatikana kwa urahisi zaidi.