Konda Anaijua Inesha

Nasoma uhandisi, na kila asubuhi napanda daladala Mwenge kuja Mlimani. Mara nyingi nasimama, kwa hiyo nina muda wa kumwangalia konda. Sisi abiria tunasimama miguu pamoja, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu. Konda hashiki kitu, mikono yake ina noti na chenji. Anatanguliza mguu mmoja, mwingine anauacha nyuma, magoti kayalegeza kidogo. Dereva akikanyaga breki, sisi tunalaliana, yeye anayumba tu na kuendelea, "Nauli huko nyuma!"

Halafu mwangalie akishuka gari halijasimama. Anatua akikimbia hatua tatu nne kuelekea gari linakokwenda, maana mwili wake bado una mwendo wa gari. Miguu ikigusa lami inashikwa na msuguano, lakini kiwiliwili hakina habari, kinaendelea na safari. Asipokimbia, anakula lami.

Hiyo ndiyo inesha. Sekondari tuliikariri kwa Kiingereza kama kiapo, tukapata alama zetu, basi: kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kinachokwenda kitaendelea na kasi ileile katika mstari mnyoofu, mpaka kani kutoka nje ikibadilishe. Newton aliichapisha mwaka 1687, ingawa Galileo alishaikaribia sana kabla yake. Zamani wasomi walimfuata Aristotle, kwamba kitu kikiacha kusukumwa kinasimama chenyewe. Wala si ujinga. Msukuma mkokoteni yeyote wa Kariakoo angemuunga mkono, kwani ukiacha kusukuma mkokoteni unasimama. Kinachousimamisha ni msuguano, ila nani kauona?

Abiria tunasema breki "imetusukuma" mbele. Hakuna kilichotusukuma. Gari limepunguza mwendo, sisi tumebaki na wetu. Wenzangu wa hosteli wananiona mbishi nikisema hivi, lakini mtu anayeamini kwamba kasukumwa anaamini pia kwamba akikaza mikono atashinda.

Likizo iliyopita nilipanda basi la mkoani, nikafunga mkanda. Mzee tuliyekaa naye akacheka.

"Kijana, unaogopa kufa?"

"Naogopa, mzee wangu."

"Mimi nikiona hatari nashika hapa." Akapigapiga mgongo wa kiti cha mbele.

Nikatoa simu, nikamfanyia hesabu. Basi la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Likigonga kitu kigumu, tuseme mwili unasimamishwa ndani ya sekunde 0.1, na hapo bado nimekuwa mpole. Mtu wa kilo 70 anahitaji kani ya nyutoni 15,400 kumzuia. Nyutoni hazikumwambia kitu mzee, nikazigeuza: ni kama kubeba kilo 1,570.

"Magunia kumi na tano ya mahindi, mzee, ya kilo mia mia. Uyazuie kwa mikono."

Akanyamaza. Magunia anayajua. Baadaye akauliza, "Sasa mkanda wenyewe unayawezaje?" Swali zuri kuliko mengi tunayouliza darasani. Nikamwambia kani haipungui kwa uchawi. Mkanda unaipeleka kwenye mifupa ya nyonga, ambayo ni migumu, badala ya kuuachia uso ukutane na chuma cha kiti. Na ukikaza vizuri, unaanza kupunguza mwendo pamoja na basi, hungoji kugonga kitu ndipo usimame ghafla zaidi.

Ng'ambo ya njia alikaa mama na mtoto mapajani. Mzee akamwonyesha kwa kidevu, akashusha sauti: "Na yule?" Nilishapiga hesabu hiyo zamani. Mtoto wa kilo 10, katika mgongano uleule, mikono ya mama ingetakiwa izuie kama kilo 225. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata kwa upendo wote wa duniani. Nilimwonyesha mzee namba kwenye simu, sikuitamka.

Akainama kutafuta mkanda wake. Kipande cha kushoto kilikuwepo. Cha kulia kilikuwa kimekatwa kwa kisu, nadhani kuna mtu alihitaji kamba. Tukamwita utingo, akachungulia chini ya kiti.

"Hiyo siti ndivyo ilivyo, mzee."

Tulikuwa hata Chalinze hatujafika.