Taa Inayowaka Mlimani Tu

Wasomaji wetu wengi wa pwani huendesha magari yaliyokwisha kuupita ujana wao, na aghlabu ya magari hayo ni ya dizeli. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaandikia habari ya taa moja ndogo ya manjano iliyotushughulisha kwa muda wa miezi saba huku bara, baina ya Kisii na Nyamira. Taa hiyo ilikuwa na tabia ya kuwaka penye kupanda tu.

Gari letu liliundwa Japani mwaka 2004. Tulilinunua Mombasa, na huko lilikuwa likienda Malindi na kurudi pasina manung'uniko. Tangu tulipohamia Kisii kusomesha, kazi yake kubwa imekuwa kumbeba mama mkwe wetu, akaaye upande wa Nyamira, ambaye figo zake zimechoka. Mara mbili kila wiki hupelekwa Kisii kusafishwa damu. Asubuhi, katika kushuka, hakuna taabu. Taabu ilikuwa jioni: mgonjwa amelala kiti cha nyuma, mvua inanyesha (na Gusii mvua haingoji msimu), na nyuma yetu lori lililosheheni majani ya chai. Ghafla taa huwaka, injini hupungua nguvu, na gari hutambaa kama mzee apandaye ngazi. Kwa mila ya Wagusii, ambayo wao huiita chinsoni, mkwe na mama mkwe hustahiana mno, hata maneno yao hupitia kwa mwingine. Basi tulikuwa tukimsikia akimwambia mwanawe, mke wetu, kwa sauti ya chini: "Muulize mumeo kama leo tutafika."

Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake ya kusomea injini, ikatoka namba P0299. Akaifuta, taa ikazimika, akapokea ujira wake. Mpando uliofuata ikawaka tena. Namba hizi si siri ya fundi. Marekani iliyalazimisha magari mapya kuwa na mfumo mmoja wa kujisema maradhi yao tangu 1996, na Ulaya ikayafuatisha magari ya dizeli mwaka 2004. Ndiyo maana kwa magari mengi P0299 ina maana ile ile Mombasa, Muscat na Leicester. Maana yake ni kwamba hewa inayosukumwa na tabo haifiki kipimo kinachotakiwa. Tabo ni kile kipepeo kinachozungushwa na moshi utokao injini ili kiisukumie injini hewa zaidi, ubunifu ambao Mswisi Alfred Büchi aliupatia hataza mwaka 1905. Namba ile hutaja dalili, haitaji kilichoileta. Kuifuta ni sawa na kuivunja pimajoto ya mwenye homa.

Fundi wa pili alihukumu moja kwa moja kuwa tabo imekufa, na badala yake ni shilingi 90,000. Hapo tulikuwa na swali. Mwezi uliotangulia tulikuwa Mombasa kwa wiki tatu, na taa haikuwaka hata siku moja. Maiti gani huyo anayefufuka akifika Mombasa?

Jibu lilikuwa katika hewa yenyewe. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Nyamira hufikia kiasi cha mita 2,000. Huko juu shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 tu ya lile la ufukweni. Kompyuta ya gari haijali tuko wapi. Katika kupanda huitaka tabo ilete kipimo kile kile. Tabo basi hulazimika kukaza mwendo, na tofauti baina ya hewa iliyo ndani ya mipira na ile ya nje huwa kubwa kuliko pwani. Mpira wenye ufa uliojifumba Mombasa hufumbuka Nyamira. Kompyuta ikiona hewa haitoshi huwasha taa na kupunguza dizeli, kwa kuihofia injini isije ikadhurika.

Katika siku hizo dalali mmoja alitunasihi tuliuze. Namba ifutwe alfajiri, mnunuzi aonyeshwe gari kwenye barabara tambarare, basi. Tulimjibu kwamba mnunuzi ana haki ya kuijua aibu ya bidhaa kabla ya kulipa, na akifichwa ana haki ya kuirudisha. Na zaidi ya hayo, huenda naye ana mgonjwa wa kubeba. Dalali alicheka. Hatukuona cha kuchekesha.

Fundi wa tatu ni kijana wa Kisii mwenye kibanda cha mabati. Hakushika spana. Alisema, "Mwalimu, twende huko huko linakokataa," akaketi kando yetu na mashine yake mapajani hadi kwenye mpando. Kompyuta iliomba kilopaskali 210, ikapata 160, na alipolisikiliza akasema hewa inapotea njiani. Tuliporudi alichukua kopo tupu la rangi, tambara lililoloweshwa mafuta, plagi ya joto ya injini mbovu na pampu ya baiskeli, akatengeneza moshi na kuupuliza ndani ya mipira ya hewa. Moshi ukatokea chini ya mpira utokao kwenye kipoza hewa, mahali ambapo jicho halifiki. Ufa ulikuwa wa urefu wa ukucha, umelowa mafuta. Mpira mpya na vibano vyake viwili: shilingi 5,500.

Siku ya 11 taa ikarudi, karibu na Kebirigo. Tukakiri nafsini kuwa tulianza kumdhania vibaya yule kijana. Yeye hakubabaika, alifuata kijimpira chembamba kinachoamrisha mkono wa tabo, akakikuta kimekauka na kupasuka kwenye ncha. Hicho kilikuwa shilingi 150. Tangu hapo imepita miezi minne.

Kwa mwenye gari la namna hii, taa ya manjano isiyopepesa humruhusu kuendelea polepole hadi kwa fundi. Nyekundu ya mafuta ya injini humtaka asimame papo hapo. Na kabla hajalipia tabo mpya, na aombe mipira ijaribiwe kwa moshi, na fundi apande naye gari hadi pale tatizo linapotokea.

Tabo yetu ni ile ile ya zamani. Jana tumebadilisha mafuta ya injini, kwani mhimili wake huelea juu ya utando wa mafuta hayo, na kijana ametushurutisha tusipitishe kilomita 5,000.